Grafu Niliyoilainisha Ilivunja Uchumba Wangu

Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tisa, mkazi wa Gudele hapa Juba. Nilizaliwa Uganda, wazazi wangu wakiwa wakimbizi. Tuliporudi nyumbani nilisoma elektroniki katika masomo ya jioni kwa miaka mitatu. Siku ya kuhitimu nilipiga picha mia nane! Joho la kuazima nililivaa hadi sokoni...

Chekeni sasa, ndugu wasomaji, maana mbele hakuchekeshi.

Nilipata kazi kwenye karakana moja ya mtaa wa Malakia. Mwenye karakana, fundi kutoka Uganda, tulimwita Mudiri, yaani bosi. Alikuwa amebuni kisanduku cha kulinda friji dhidi ya umeme wa jenereta, ule unaopanda na kushuka kama mlevi kwenye ngazi. Kazi yangu ilikuwa kuchora saketi ya kisanduku kwenye laptopu, kuiigiza kana kwamba jenereta inawashwa, kisha kupanga volti zinazotoka katika jedwali na kuzichorea grafu.

Grafu hiyo tulimpa kila mteja pamoja na kisanduku. Watu waliipenda jamani! Walitia fremu, wakaitundika sebuleni karibu na picha ya harusi. Na chini yake kulikuwa na jina langu: Taban.

Palepale karakanani alifanya kazi Keji, mchumba wangu. Tulisoma darasa moja. Yeye alilehemu vifaa. Akili za Keji ungeweza kuzigawia mji mzima na bado akabaki nazo za kutosha!

Sasa sikilizeni kosa langu. Laptopu yangu ilikuwa kuukuu, na jenereta ya karakana ilizimwa kila saa kumi jioni. Ili nimalize mapema, niliiambia programu inipe volti kila baada ya nusu sekunde. Safu ishirini tu za jedwali, khalas, kazi kwisha! Nikaunganisha nukta, nikapata mstari laini kama uji wa mgonjwa. Mudiri alifurahi karibu anibebe mgongoni.

Keji peke yake ndiye aliyeinamia karatasi akaweka kidole kwenye jedwali.

"Taban, kati ya safu hii na hii kunatokea nini?"

"Kunatokea amani," nikamjibu. Karakana nzima ikacheka. Yeye hakucheka.

Maneno yake hayakunitoka kichwani. Jumamosi moja nilibaki peke yangu, nikaigiza tena, safari hii nikichukua volti kila baada ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Majedwali yalikuwa marefu kutoka hapa hadi Nimule mpakani! Nikachora grafu... Mungu wangu! Pale jenereta ilipowaka tu, mstari ulichomoza kama mkuki. Volti mia nne na kumi, wakati friji inataka mia mbili na thelathini tu! Kisanduku kilikuwa kinachelewa kukata umeme. Kuchelewa kidogo mno, lakini kila jenereta ilipowashwa, friji ilipigwa kofi.

Ningesema siku ile, yangeishia pale. Kwa nini sikusema? Visanduku kumi na kimoja vilikuwa vimeshatoka. Jina langu lilikuwa kwenye kuta za watu! Nikahifadhi faili, nikafunga laptopu. Jumatatu Keji aliponiuliza kama nimeangalia tena, nikamwambia, "Nimeangalia, mpenzi. Iko sawa."

Tangu hapo nilikuwa kama panya kwenye debe. Kila oda mpya Mudiri aliita, "Taban, leta ile grafu muzuri!" Nami nikachapisha ileile. Kukataa ningesemaje? Kila karatasi niliyotoa ilinifungia mlango mwingine.

Kisha ikaja siku ya kujitambulisha kwa mama yake Keji. Mama huyo alikuwa na friza moja kubwa ya samaki, na friza hiyo ndiyo iliyowalisha watoto wake wote. Keji alikuwa amekwisha kumtangazia kwamba mkwe anakuja na kisanduku. Niende mikono mitupu? Nilikibeba kifuani kama mtoto mchanga, nikakifunga kwa mikono yangu mwenyewe mbele ya wajomba wanne. Mama akapiga vigelegele. "Mwanangu, sasa nitalala usingizi!"

Mimi ndiye niliyekosa usingizi. Kwa wiki tatu, kila jenereta ya jirani ilipowaka, niliinuka nikaketi kitandani.

Wiki ya nne friza ikazimika, kompresa imeungua. Samaki wote waliharibika kwa joto lile, wakatupwa... Keji alikuja karakanani mchana, macho makavu. Hakunigombeza. Alifungua laptopu yangu atafute kosa, maana bado aliniamini! Akaikuta ile faili ya Jumamosi. Akatazama mkuki. Akatazama tarehe.

"Ulikuwa unajua," akasema. "Ulimfungia mama yangu kisanduku ukiwa unajua."

"Malesh, Keji, nisamehe... niliogopa."

"Mimi nilikuuliza. Mara mbili nilikuuliza."

Akavua pete niliyomvisha, akaiweka juu ya kibodi, akatoka. Nilimweleza Mudiri yote, akanifukuza kabla sijamaliza.

Nilizunguka siku nyingi kuwaomba wateja wanirudishie visanduku vile. Kule mtaa wa Lemon Gaba mzee mmoja alinikatalia katakata. Akanionyesha fremu ukutani. "Karatasi inasema iko sawa. Wewe ni nani kubishana na karatasi?"

"Mzee, ni mimi niliyeiandika!"

"Basi ulipoandika ulikuwa na akili kuliko leo." Akafunga mlango. Mpaka leo nikipita pale nasikia jenereta yake ikiwaka, nami siwezi kufanya lolote.

Nilienda pia kwa mama yake Keji kuomba msamaha. Alinipa maji ya kunywa, nikanywa, lakini hakuniita mwanangu tena. Keji amehamia karakana nyingine. Nikimpigia simu hapokei.

Ndugu zangu, hasa nyinyi mnaosoma jioni mkiwa na njaa ya kusifiwa kama mimi... msiogope grafu mbaya! Ukiona mkuki, uchapishe, umpelekee bosi wako saa ileile. Kosa langu la kwanza Keji angelisamehe. Lilikuwa la uvivu tu. Lakini ile Jumamosi niliona kwa macho yangu, nikafunga laptopu, nikaenda kula chakula kwa Keji na kusifia mchuzi.