Theodora Hakufika Kilema

Soko la Mbuyuni lilikuwa limefurika siku Theodora alipokutana na Sirili, muuza mitumba mwenye shati la kitenge na mdomo usiotulia.

"Mrembo, sketi zote nyeusi? Jaribu hii ya njano!"

"Nipe nyeusi, kaka. Maneno baki nayo."

Angebaki nayo, thubutu! Alimfuata nayo kwenye simu hadi dada wa watu akapenda. Ila Theodora hakumwambia kwa nini aliikwepa ile njano. Hedhi yake ilitoka kama bomba lililopasuka, na kwa kuwa mama na bibi yake walikuwa hivyo hivyo, aliona ndiyo maumbile ya kwao.

Siku ya kwenda Kilema, kwa kina Sirili, kutambulishwa, alishavaa gauni la bluu. Pedi ikalowa kabla ya saa kwisha, yakatoka mabonge, kizunguzungu kikamkalisha sakafuni. Kwa aibu akazima simu. Kule mlimani machalari ya ndizi na nyama yakapoa wageni wakitazamana.

"Umemdharau mama yangu, Theo," Sirili alisema kesho yake.

"Nilikuwa naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Naumwa tu." Sirili akakata simu.

Uchaggani mkosaji hupeleka jani la sale, na anayepelekewa hana budi kusamehe. Damu ilipokatika, Theodora alichuma lake akapanda Kilema, akipumzika kila kona, moyo ukimwenda mbio.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umepauka hivyo?"

Mama yake Sirili alilipokea sale, akamketisha. Theodora akalia, akasema yote. Sirili alisikia akiwa mlangoni, na hasira zikamwisha.

"Mpenzi, kwa nini hukuniambia?"

"Niseme nini? Kwetu wote tuko hivi."

"Kwenu wote mngeumwa malaria, mngeita maumbile?"

Kesho yake wakaenda hospitali. Damu ilikuwa imepungua sana, na kizazi kilikuwa na uvimbe.

"Unatibika," daktari alimwambia. "Ila pedi ikilowa kila saa, ukitoa mabonge au ukisikia kizunguzungu, usikae nyumbani. Njoo."

Theodora alitoka akampigia mama yake. "Mama, na wewe utakuja kupimwa. Hapana, si maumbile."

Sirili akarudi na vikombe viwili vya chai. "Daktari kasemaje, kipenzi?"

"Ameuliza kama nina mume."

"Ukamjibu?"

"Nimemwambia amekwenda kununua chai."