Harufu Nyuma ya Televisheni

Kila siku mchana, Abigaïl aliporudi kutoka shule, alikuta sahani yake imefunikwa juu ya meza ya jikoni. Aliichukua, akaenda nayo sebuleni, akaketi kwenye kigoda kando ya kabati la televisheni, karibu na kiti cha bibi yake, Kambo Germaine. Hapo alikula huku akitazama katuni. Bukari, yaani ugali, aliimaliza yote. Kapenta hakuwagusa.

Abigaïl alikuwa na miaka kumi na miwili, na hakuna chakula alichokichukia kama kapenta. Visamaki vile vikavu vilimkodolea vijicho vyeupe, na alipoweka kimoja mdomoni koo lilikataa. Lakini mama yake, Mama Madeleine, hakutaka kusikia habari hiyo.

"Chakula hakichaguliwe hapa," alimwambia. "Kuko bantu banalala na njaa."

Basi Abigaïl akatafuta njia yake. Kati ya kabati na ukuta kulikuwa na mwanya wa upana wa kiganja. Mama alipokuwa jikoni na Kambo anasinzia, mtoto aliwakusanya kapenta kwa kijiko, akawatumbukiza mwanyani pamoja na mchuzi wao. Kisha alipeleka sahani tupu jikoni na kusifiwa. Na kila Jumamosi, zamu yake ya usafi, mama alipomuuliza, "Umefagia nyuma ya kabati?" alijibu, "Ndiyo, mama," bila kupepesa macho. Hakuwahi kufagia hata mara moja. Kule nyuma kulikuwa giza, naye aliona kwamba kisichoonekana hakimsumbui mtu.

Katika mwezi wa pili wa mchezo huo harufu ikaanza. Kwanza ilikuwa nyembamba, ya kuja na kuondoka. Baadaye ikawa nzito, ikaganda kwenye mapazia na kwenye vitambaa vya viti. Ilikuwa harufu ya kitu kilichokufa. Nzi wakubwa wa kijani wakaingia, na hata chai iliyonywewa pale ilikuwa na ladha ya uozo.

Kambo Germaine, mjane wa mfanyakazi wa reli, alikuwa na kidonda cha siku nyingi mguuni. Muuguzi alikuja mara mbili kwa wiki kubadilisha bandeji. Jumapili moja binti wa Kambo, Tantine Cathy, alipita baada ya misa kumsalimu. Alikaa kidogo, akakunja uso, akaziba pua kwa ncha ya kitambaa chake. Halafu akamfuata Mama Madeleine jikoni, akanong'ona, "Mguu wa mama unaoza. Ee Mungu wangu, umesikia ile harufu?"

Abigaïl alikuwa anaosha vyombo. Alisikia kila neno. Alijua kinachonuka si mguu, akainamisha kichwa na kuendelea kusugua sufuria.

Tangu siku hiyo nyumba ilibadilika. Mama alipulizia manukato sebuleni asubuhi na jioni, na manukato yakichanganyika na uozo yalizaa harufu mbaya kuliko ile ya kwanza. Watoto wa jirani walikuja kutazama mpira wakaondoka wamebana pua, wakicheka. Kambo aliwasikia. Akaanza kufua bandeji zake mara tatu kwa siku, mpaka vidole vyake vikachubuka. Akaomba kiti chake kisogezwe mlangoni, kwenye upepo.

"Muuguzi anasema kidonda kinakauka vizuri," alisema siku moja kwa sauti ndogo. "Mais pua za bantu hazisemi uongo."

Na jambo la ajabu likampata Abigaïl. Ijapokuwa aliujua ukweli, naye alianza kumwonea kinyaa bibi yake. Kambo alipomkatia kipande cha nanasi, alikipokea kwa ncha za vidole, akakitupa uani. Usiku alijidharau kwa hilo, na asubuhi akarudia.

Sasa, mwana wa mwisho wa Kambo, Alphonse, alikuwa Brazili, alikotumwa na shirika lake la kidini. Habari ikafika kwamba angepewa upadri siku ya Jumapili, na misa ingeonyeshwa moja kwa moja kwenye mtandao, saa tisa mchana ya Lubumbashi. Kambo alilia kwa furaha. Miaka sita hakuwa amemwona mwanawe. Lakini macho yake yalikuwa na ukungu. Kwenye kioo cha simu aliona weupe tu. Televisheni pekee ndiyo ingemfaa, akikaa karibu nayo. Ndugu wote wakaalikwa.

Jumamosi asubuhi Chancelvie, dada mkubwa wa Abigaïl, alikuja kutoka chuo kikuu cha Kasapa, alikokuwa akisoma mambo ya kompyuta. Aliingia sebuleni, akasimama ghafla, akameza mate. Alifungua simu ili arushe picha yake kwenye televisheni, kama walivyozoea kufanya wakati wa likizo. Simu ilitafuta, ikazungusha kiduara chake, ikaandika kwamba hakuna televisheni iliyopatikana.

Chancelvie alizima simu akaiwasha. Akazima televisheni akaiwasha. Akaenda chumbani kwa papa, baba yao, kwenye kisanduku cha Wi-Fi, akakichomoa, akahesabu mpaka thelathini, akakirudishia umeme. Wapi! Kiduara kilizunguka tu.

"Labda tele imeharibika," alisema Mama Madeleine.

"Hapana, mama. Tazama." Chancelvie alifungua video kwenye televisheni yenyewe, ikacheza vizuri. "Tele iko na internet. Simu iko na internet. Lakini havionane. Hiyo ni dalili ya ugonjwa mmoja tu." Akaingia kwenye mipangilio ya televisheni, akasoma jina la mtandao, akapiga makofi. "Voilà! Simu iko kwetu. Tele iko kwa papa Mulenga!"

Papa Mulenga alikuwa jirani yao wa ukuta mmoja. Miezi iliyopita, Wi-Fi ya nyumbani ilipokatika, aliwapa neno la siri la mtandao wake wawe wanatumia kwa siku mbili, na televisheni haikulisahau.

"Ni kama bantu wawili, kila mmoja kwenye kiwanja chake, ukuta katikati," Chancelvie alieleza. "Kila mmoja anaona barabara yake, lakini wao kwa wao hawawezi kupeana mkono. Vifaa hivi lazima vikae kiwanja kimoja. Bon, kwa nini tele ilihama? Papa aliivutia waya kutoka kwenye kisanduku mpaka hapa, kwa sababu kuta hizi za zamani ni nene na Wi-Fi inafika imechoka. Tele ikahamia kwa jirani kwa sababu waya umekufa. Na waya unaingilia huku nyuma ya kabati."

Abigaïl alisogea akasimama mbele ya kabati. "Yaya, tusisumbuke na waya," alimwambia dada yake haraka haraka. "Tuiunge tu kwa Wi-Fi yetu!"

Chancelvie akajaribu. Simu iliiona televisheni, picha ikatokea, wote wakashangilia. Baada ya dakika moja ikaganda. Ikaendelea, ikaganda tena, uso wa mtu ukavunjika vipande vya mraba.

"Basi simu nayo tuiweke kwa papa Mulenga," Abigaïl akasema, jasho likimtoka.

"Papa Mulenga ameenda shambani Lukafu, neno la siri nimelisahau, tena alitupa siku mbili, si mwaka mzima. Unaogopa nini, wewe? Naenda mjini kutafuta kichwa kipya cha waya na koleo lake. Nikirudi tunasogeza kabati."

Kabla hajatoka, Kambo alikohoa pale mlangoni. "Madeleine," alisema, "kesho mimi nitabaki chumba cha nyuma. Wageni wakae kwa raha. Mutanisimulia namna mutoto wangu alivyokuwa."

Mama Madeleine alitazama chini. Hakukataa. Alichukua kikapu chake, akaenda sokoni, na Chancelvie akatoka nyuma yake.

Abigaïl alibaki na Kambo. Aliwaza: nikifanya haraka, nitafuta kila kitu na hakuna atakayejua. Alichukua ufagio na ndoo, akaegemeza bega kwenye kabati, akasukuma. Kabati liliachana na sakafu kwa sauti ya kitu kinachobanduka kwenye gundi.

Harufu ilimpiga usoni kama kofi. Ukutani, kuanzia urefu wa kiuno chake hadi chini, ulishuka mfereji wa mafuta meusi yaliyoganda. Chini palikuwa na rundo lenye unyevunyevu, na rundo lile lilikuwa linatembea. Funza walikuwa wanene na weupe, wakipandana. Mende walimwagika kila upande, mmoja akampanda mguuni. Katikati ya rundo alilala panya, amevimba, manyoya yamenyonyoka, meno yakiwa nje, na pembeni yake waya wa bluu ulikuwa umetafunwa mpaka nyuzi za ndani zikaonekana. Waya ule ulikuwa umelowa mchuzi alioumwaga yeye mwenyewe.

Abigaïl alijaribu kuvuta pumzi, harufu ikaingia mpaka tumboni. Alipiga magoti akatapika. Akatapika tena, machozi yakimtoka.

"Pole, mutoto wangu," sauti ikasema nyuma yake. Kambo alikuwa ameinuka kwa mkongojo, anajikokota kuelekea mlango wa ndani, macho yake yenye ukungu hayaoni kitu. "Pole sana. Ni mguu wangu huu. Nimekugonjesha. Ita jirani anishike mkono niende nyuma sasa hivi. Sitakaa tena hapa."

Abigaïl alifuta mdomo. Vidole vya Kambo, vilivyochubuka kwa sabuni, vilikuwa vimeushika mkongojo. Kinyaa alichokisikia wakati ule hakikuwa cha funza wala cha panya. Alijichukia yeye mwenyewe.

"Kambo, usiende," alisema. "Si mguu wako. Haukuwa mguu wako hata siku moja. Ni mimi."

Akasema yote: kapenta, mwanya, Jumamosi zote za uongo, na maneno ya Tantine Cathy aliyoyasikia jikoni akanyamaza. Kambo alisikiliza amesimama. Alipomaliza, bibi aliuliza jambo moja tu.

"Ulijua? Siku zile nilipokuwa ninafua na kufua, ulijua?"

"Ndiyo, Kambo."

Kambo akageuza uso, akarudi taratibu kwenye kiti chake.

Mama alipoona nyuma ya kabati alishika kifua, akatoka nje mbio. Aliporudi hakupiga kelele. Alimwangukia Kambo miguuni akamwomba msamaha, kwa kuwa naye alikuwa ameamini. Halafu akaweka mbele ya Abigaïl glavu, koleo la majivu na dumu la javel, dawa ya kuulia vijidudu.

"Uliyaleta wewe, utayatoa wewe. Hakuna atakayekusaidia."

Ilikuwa kazi ya saa tatu. Abigaïl alikwangua, akabeba, akachimba shimo uani, akafukia. Alitapika mara ya tatu na ya nne. Alisugua ukuta mpaka rangi yake ya zamani ikaonekana, akafua mapazia na vitambaa vyote. Chancelvie aliporudi alikata sehemu ya waya iliyotafunwa, akapanga nyuzi nane ndogo kwa rangi zake, akazibana kwenye kichwa kipya. Akaiambia televisheni isahau kabisa mtandao wa papa Mulenga. Alipobonyeza simu, jina la televisheni likatokea mara moja, na picha ikakaa kioo kizima bila kutikisika.

Jumapili mchana ndugu walijaa sebuleni. Kambo Germaine aliketi mbele kabisa, amevaa kitenge chake kipya. Tantine Cathy alipoingia aliinua ncha ya kitambaa, akaipeleka puani hata kabla hajanusa. Watu wawili, watatu wakamwona, wakatazamana.

Hakuna aliyemtuma Abigaïl. Alisimama mbele ya televisheni.

"Tantine," alisema, "ile harufu haikuwa ya Kambo. Mimi nilitupa chakula nyuma ya kabati, nikadanganya, nikaacha museme ni yeye. Mutusamehe. Hapana... munisamehe mimi."

Uso wa Tantine Cathy ulijikunja kwa karaha, na safari hii karaha ile ilimwelekea Abigaïl. Mtoto aliipokea bila kukwepa. Kisha Tantine mwenyewe akatazama kitambaa mkononi mwake, akakiteremsha polepole kwa aibu.

Kambo ndiye aliyesema kwanza.

"Sikieni, na wewe Abigaïl usikie. Kinyaa si kitu kibaya. Mungu alikiweka puani mwetu kitulinde. Wewe ulikionea kinyaa chakula safi cha mama yako, lakini uongo hukuuonea. Kosa likifichwa halilali. Linaoza, na anayenuka si aliyelificha, ni yule aliyekaa karibu. Jana nilikuwa na hasira, hata leo bado iko kidogo. Mais umesimama mbele ya bantu wote ukaniondolea harufu isiyo yangu. Hilo linahitaji nguvu kuliko kusukuma kabati. Siku nyingine ukikosa, sema siku ileile, kabla halijaanza kunuka."

Kwenye kioo, kanisani Brazili, wimbo ulianza, na vijana waliovaa nguo nyeupe wakaingia mmoja mmoja. Kambo aliinama mbele, macho yake yenye ukungu yakitafuta.

"Sasa sogea, mutoto," akasema, akimvuta Abigaïl kwa mkono mpaka miguuni pake. "Unanizibia Alphonse."