Bado Mbichi

Wewe ukiitwa, nani huitika?

Usicheke. Najua utasema, "Mimi, nani mwingine?" Ndivyo tunavyojibu sote, hasa sisi tuliokaa madarasani tukaambiwa kila jambo lina sababu yake. Bibi yangu mzaa mama naye angejibu hivyohivyo, na hakuwa mwanamke wa kutishwa na vivuli. Lakini yaliyomkuta kule kambini kwenye magogo yalimfanya, hadi anaingia kaburini, asimwite mtu kabla hajamwona uso.

Zamani hizo msitu ulikuwa bado msitu. Miti ilikuwa minene, watu wakishikana mikono kuuzunguka mmoja mikono haitoshi, na mizizi yake ilisimama juu ya ardhi kama kuta. Mtu akikaa katikati yake humwoni hata ukipita hatua mbili mbele yake. Wanaume walikata kwa shoka na msumeno wa watu wawili, mmoja huku, mwenzake kule, vuta nikuvute mpaka kivuli kigeuke. Bibi ndiye aliyenoa misumeno. Alikaa mlangoni pa kibanda chake, msumeno umebanwa kati ya mbao, tupa mkononi, akinoa jino baada ya jino. Wakamwita Mama Tupa. Mumewe walimwita Gogo, kwa kuwa akilala amelala, hata umpigie ngoma sikioni. Na kaka yake Mama Tupa, aliyeshika ncha ya pili ya msumeno wa Gogo, aliitwa Kasuku.

Huyo Kasuku hakukuwa na sauti asiyoweza kuiiga. Nyapara akikohoa, Kasuku anakohoa vilevile nyuma ya mti, watu wanazima sigara kwa viganja. Siku moja alisimama nyuma ya kibanda akasema kwa sauti ya Gogo, "Mke wangu, niletee maji ya kuoga." Mama Tupa akatoka na ndoo, akamkuta kaka yake amekaa chini, anacheka mpaka anashika mbavu. Maji hayakupotea bure. Alimmwagia yote.

Kambini kulikuwa na sheria moja ambayo haikuwa na mzaha. Mti ukikaribia kuanguka, nyapara huwaita watu wote, mmoja mmoja, kwa sauti ya kupasua koo, maana kwenye msitu ule hamwonani. Kila mtu aitike. Kama kuna asiyeitika, kabari haigongwi. Na akigundulika kwamba hakuitika kwa sababu ametegea kazi, anapanda lori la magogo siku hiyohiyo, kwao. Wengine waliitika, "Nipo!" Gogo aliitika, "Bado mbichi!" Mbao ambayo haijakauka huitwa mbichi, kwa hiyo alikuwa anawaambia, mimi sijafika kwenye lundo, msinipange na wafu. Wenzake walicheka kila siku kama hawajawahi kuusikia utani huo.

Asubuhi yenyewe haikuwa na ajabu. Ukungu, moshi wa kuni, watu wanatafuta kofia zao. Gogo aliamka na homa, meno yanagongana, lakini akavaa viatu. Mama Tupa akamvuta kaka yake kando.

"Shemeji yako hajiwezi leo. Msitiri."

"Mimi namsitiri tangu siku anakuposa. Unadhani ndevu zile nani alimnyoa?"

"Kaka, sitanii."

"Haya, dada. Nitamsitiri."

Wakaondoka, wanaume wawili na msumeno mmoja ukinesa mabegani mwao. Mama Tupa akarudi kwenye tupa yake. Bintiye, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusema, alicheza na vipande vya mbao miguuni pake.

Jua lilipofika utosini, sauti ya nyapara ilipanda kutoka bondeni, ikiita majina. Mama Tupa aliyafuata bila kukusudia, kama mtu anavyofuata wimbo anaoujua.

"Gogo!"

Kimya kidogo.

"Bado mbichi!"

Akatabasamu. Kisha mti ukalia, ule mlio mrefu wa kukatika, na ardhi ikaruka. Vikombe rafuni vikagongana. Kimoja kikaanguka.

Walimleta Gogo juu ya ubao, wamemfunika kwa makoti. Walimkuta katikati ya mizizi ya mti mwingine, palepale ulipoangukia ule mkubwa. Mkononi alishika kofia ya Kasuku.

Sasa tazama akili za watu. Wanaume wale ambao hawakukubali kwamba mvua inanyesha mpaka nyapara aseme, kwa siku moja tu wakawa mabingwa wa uchawi. Mtu ameitika. Wote wamemsikia. Ameitika vizuri kabisa, na utani juu, kisha akakaa chini ya mti unaoanguka. Kwa nini hakukimbia? Basi amefungwa miguu. Na nani hulala karibu na miguu yake? Nani hugusa kila msumeno unaoingia msituni? Walinong'ona kwenye mstari wa maji, na Mama Tupa akikaribia walinyamaza, jambo ambalo ni baya kuliko kunong'ona.

Alimtazama kaka yake aseme neno. Kasuku hakusema. Tangu mazishi hakuiga tena hata mlio wa ndege. Watu walisema ni majonzi, masikini, alimpenda shemeji yake. Alichofanya ni kuokota mabanzi ya mti ule uliomuua Gogo, akatengeneza benchi, akaliweka mlangoni kwa dada yake bila kuombwa.

"La nini?" Mama Tupa aliuliza.

"Ukae," akasema, akaondoka hakugeuka nyuma.

Mti mwingine mkubwa ulipofikia zamu yake, nyapara aliita majina kama kawaida. Akafika kwa Kasuku.

"Kasuku!"

"Bado mbichi!"

Ilitoka nyuma yao, upande wa kisiki cha mti uliomuua Gogo. Kofia ya nyapara ilianguka, hakuiokota. "Utani gani huu, Kasuku? Marehemu hata hajamaliza siku arobaini!"

Lakini Kasuku alikuwa amesimama mbele yake. Midomo imefungwa. Imefungwa hasa, imekuwa myeupe.

Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo. Aitwe asubuhi, aitwe mchana, kabla hajafungua mdomo ameshaitikiwa. Akaacha kwenda msituni. Watu wakaacha kumwita. Nao wakamaliza hesabu yao: Gogo hakufa, amefugwa, na anayemfuga ni mkewe.

Kiangazi kikaja. Matope yakawa vumbi, kuta za vibanda zikapasuka, lundo la mbao kambini likalia kwa kukauka. Benchi halikukauka. Mama Tupa alilihamishia juani. Jioni aliligusa, kiganja kikatoka na maji. Alilinusa. Lilinuka kama mti uliokatwa asubuhi ile. Alilifuta kwa kitambaa, akakaa akilitazama. Tone likajikusanya upande wa chini, likaning'inia, likaanguka.

Siku moja Kasuku alikuja kumletea kuni. Mtoto alimwona kwa mbali, akaruka, "Mjomba! Mjomba!"

"Bado mbichi."

Chini. Taratibu. Kama mtu aliyelala chini ya benchi.

Kasuku aliangusha kuni akakimbia. Mtoto hakuogopa. Alilaza shavu lake juu ya ubao wenye unyevu, akacheka.

"Mama," akanong'ona, "baba anaitika kwanza."

Kisha lori lilipokuja kuchukua magogo, alishuka kaka mkubwa wa Gogo. Ilikuwa mchana, lakini ukungu ulikuwa umeshuka pamoja naye, mzito, katikati ya kiangazi. Hakukaa. Hakupokea maji.

"Nimekuja kumchukua mtoto."

"Karibu kwanza, shemeji."

"Damu yetu hailelewi na mchawi."

Wanaume wa kambi walikuwa wamekusanyika nyuma yake, nyapara mbele, wote wakitazama vidole vya miguu yao. Kasuku alikuwa mwisho kabisa, amejibanza kwenye kona ya kibanda. Dereva aliacha injini ikinguruma. Mtoto alikuwa ameshika kanga ya mama yake kwa mikono miwili.

"Mchawi," Mama Tupa alisema. "Vizuri. Mimi nimenoa misumeno yenu mpaka vidole vimekufa ganzi, na kama ningejua uchawi ningeanza kwa kuifanya ijinoe yenyewe." Hakuna aliyecheka. "Mume wangu aliitika. Hata mimi nilimsikia. Mnasema namfuga? Basi tumwite. Tuone anatoka wapi."

"Mwanamke, acha," nyapara akanong'ona.

Hakuacha. Alisimama kando ya benchi, akaita kama nyapara anavyoita, kwa koo lote.

"Kasuku!"

"Bado mbichi!"

Wote waliisikia. Injini ya lori ilizimika. Shemeji mkubwa alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagonga ukuta wa kibanda. "Ndugu yangu," akasema, sauti haipo. "Hiyo ni sauti ya ndugu yangu."

Mama Tupa hakumsikia. Kuna kitu kilikuwa kimemshika. Tangu kiangazi kianze ameita watu wangapi mlangoni pale? Mtoto. Jirani. Muuza chumvi. Sauti haijawahi kumwitikia yeyote kati yao. Huitikia jina moja tu. Marehemu anamwitikia mtu mmoja tu, aliye hai, aliyepo, mwenye mdomo wake.

Kwa nini amwitikie?

Akakumbuka asubuhi ile. Meno yanagongana. Mtu ambaye akilala hata umpigie ngoma. Na kile kimya kidogo, kabla ya jibu.

Msitiri, kaka.

 Akaita tena, safari hii polepole.

"Gogo."

Kimya. Benchi kimya. Tone lililokuwa likining'inia upande wa chini halikuanguka.

"Gogo!"

Hakuna kitu. Ukungu tu, na watu wanaopumua. Mama Tupa akageuza kichwa, akatazama kona ya kibanda.

"Mwitikie," akanong'ona. "Si nilikuomba umsitiri? Mwitikie, kaka."

Benchi lile lipo hadi leo. Liko barazani kwa mama yangu, ambaye ndiye mtoto yule aliyeshika kanga, na ambaye hakuchukuliwa na mtu. Limepigwa jua miaka yote hiyo. Watu wazima wote waliokuwa pale wameshakuwa udongo. Ukilikwangua kwa ukucha linatoa maji, na ukucha unanuka mti uliokatwa asubuhi hii. Fundi mmoja mwenye vyeti vyake aliwahi kuja kulichunguza. Aliondoka bila kuaga, akasahau nyundo.

Lakini siku ile hakuna aliyekuwa na habari ya benchi. Wote walikuwa wanamtazama Kasuku. Alijitenga na ukuta. Alifungua mdomo, akaufunga, akaufungua. Watu waliziba masikio wakingoja sauti ya marehemu. Haikuja. Ilikuja sauti nyembamba, yenye kutu, ambayo kambi nzima ilikuwa imeshaisahau, na ilichukua muda watu kutambua kwamba ni yake mwenyewe.

"Nilimwacha amelala kwenye banda la vifaa. Nilimfunika uso kwa kofia yangu. Sikujua kwamba ameamka ananitafuta." Akamtazama dada yake. "Nyapara alipoita, dada, aliyeitika ni mimi."