Katambuga Kwenye Tope la Ghala

Bisha tu. Mahona, fundi wa katambuga, viatu vya tairi, soko la Bariadi, anapenda wabishi. Shule aliikimbia, lakini tairi analijua kuliko wewe unavyomjua mkeo. Haya, mbishie hili: asubuhi moja, kiangazi, Bariadi nzima vumbi tupu, alifungua kibanda akakuta nyayo za tope bichi sakafuni. Zimeingia. Hazikutoka.

Kashata zake, yale meno ya tairi, zilikuwa na umbo la mishale. Mahona akazitambua, akakaa chini.

Ndiyo alama iliyokutwa miaka ya nyuma, wakati wa mvua, kwenye tope la ghala la pamba, kando ya maiti ya mlinzi, mzee Januarius. Mpelelezi alimletea Mahona picha kwenye simu, jina tayari liko mdomoni. "Mtaalamu, hii si ya Ndaki?" Ndaki aliwahi kugombana na mzee, basi. Hakupimwa mguu wala hakuulizwa mtu tairi moja linatoa pea ngapi. Mahona, kuitwa mtaalamu mbele ya soko zima, kifua kikamjaa.

"Ya Ndaki hiyo. Nilimkatia mwenyewe."

Ndaki akafungwa maisha.

Sasa nyayo zikawa zinarudi. Mchana mmoja wa jua kali, soko limepoa, Mahona akasikia chwap, chwap, hatua za tope zikizunguka kibanda, na harufu ya pamba iliyolowa ikajaa kibandani, na pumzi ya baridi ikamfikia sikioni, pumzi ya mzee mwenye kikohozi, ikinong'ona kwa upole kama mteja aliyeleta kiatu kirekebishwe, "Siyo huyo, ng'wanawane, mwanangu, siyo huyo," na kila alipogeuka, nyayo mpya zilikuwa zimeshafika nyuma ya visigino vyake.

Akamwita mganga Kornelia kutoka Migato. Mama akanusa hewa, akamrudishia kuku wake wa malipo.

"Toa jini hili, mayu," Mahona alimsihi mama huyo.

"Jini gani? Mzee anakuletea kazi yako uitazame upya. Nenda kwa mke wa Ndaki."

Rhoda alikuwa akianika michembe ya viazi. Mahona akasimama mbele yake, mdomo wote ule wa sokoni umekauka.

"Tairi lile lilitoa pea nyingi," alisema chini chini. "Niliziuza mnadani Mwandoya. Wapita njia, siwajui. Alama ni ileile."

Rhoda akaacha michembe. "Utayasema hayo kwa wakili? Rufaa imekwama, Mahona. Mume wangu anaozea ndani."

"Nitasema. Ndiyo yote."

Chwap.

Rhoda akatazama ardhi nyuma ya Mahona. "Nani huyo umekuja naye?" alinong'ona.

Mahona hakugeuka. Harufu ya pamba ilikuwa imeshafika.

"Pea moja haikuuzwa," alisema. "Niliibakiza yangu. Mahakamani jaji aliniuliza kama kuna katambuga nyingine yenye alama hiyo. Nikamwambia hakuna, mimi ndiye fundi." Akainamisha kichwa. "Mume wako alikuwa ananiangalia, Rhoda. Nami palepale nilikuwa nimezivaa."