Msumari Chini ya Okidi

Watu wa Kinampanda walinicheka kwa kufuga maua yasiyolika. Wacheke. Okidi zangu kumi na moja ziliishi barazani, kwenye magome na makopo ya mkaa, maana ukiizika mizizi yake kwenye udongo inaoza.

Ya kumi na mbili niliiona juu ya mninga, kando ya makaburi ya zamani. Jua lilikuwa linazama. Mume wangu, Antipasi, akapanda na panga.

"Itoe na gome lake," nikamwambia. "Mizizi isikatike."

Gome likabanduka. Utomvu mwekundu ukamchuruzika mikononi. Sikushtuka, mninga ndivyo ulivyo. Lakini nyuma ya gome, katikati ya mizizi, ulichomoza msumari mrefu wenye kutu, umezungushiwa nywele.

Nyumbani, mama mkwe wangu, Eliza, aliuchomoa kwenye gome.

"Pale wazee waliupigilia mzimu wa mtu aliyeua wake zake watatu," akanong'ona. "Alikuwa hatulii kaburini..."

Ikaja harufu ya damu mbichi.

Antipasi alikuwa mlangoni, panga mkononi.

"Baba Jenipher..." nikamwita.

Pigo la kwanza lilinikata sikio. La pili likaingia begani, nikasikia mfupa wangu ukivunjika. Miaka kumi na tisa ya ndoa hakuwahi kuninyanyulia mkono. Macho yale hayakuwa yake, na nilimpenda hata nilipokuwa nagaagaa sakafuni nikimkwepa.

Mama mkwe akamvaa miguuni. Antipasi akaanguka. Panga likaruka pembeni.

"Upigilie kwenye kitu kilicho hai!" mama mkwe akapiga kelele, akanitupia msumari.

Kitu gani? Okidi ingepasuka. Mti ulikuwa mbali. Vidole vya Antipasi vilishanifika kooni...

Nikaukandamiza mkono wake mmoja kwa goti. Nikaweka msumari kiganjani mwake. Nikaokota jiwe la kuegemezea mlango.

Mara moja.

Mara mbili.

Mara ya tatu ukatokea upande wa pili.

"Dorika," akasema, kwa sauti yake mwenyewe. "Umenifanya nini?"

Nikalia kwa furaha.

Hospitali, kwa aibu na kwa mapenzi, niliwaambia tumevamiwa na majambazi. Kisha nikazimia.

Nilizinduka asubuhi. Nesi, binti mpole, alikuwa ananipangusa jasho.

"Pole, mama. Mzee anaendelea vizuri. Ule msumari daktari ameshautoa."

Nilijaribu kusema. Koo lilikuwa limevimba, sauti haikutoka.

"Alikuwa anauliza umelazwa wodi gani," akasema. "Nimeshamwelekeza."