Maji ya Bwawa la Wageni

Marehemu alilala kifudifudi kwenye tope la ukingo wa bwawa, miguu ikiwa bado majini. Kando yake palikuwa na fimbo ya kuvulia samaki. Ndoana haikuwa na chambo.

Alikuwa Sylvesta, meneja wa kambi ya uvuvi kwenye miteremko ya juu ya Karatu. Mgeni mmoja aliyeamka mapema kutafuta perege ndiye aliyemkuta.

Inspekta Hhando alifika kwa Landrova ya kambi, kwa kuwa kituo hakikuwa na petroli. Ilikuwa mwaka 1984. Mpaka wa Kenya ulikuwa umefunguliwa tena, na wageni walianza kurudi mmoja mmoja. Baada ya kutazama wanyama kwenye bonde la kreta, walipenda kupumzika hapa: kuvua, kupiga makasia, kuchoma samaki wao jioni. Mvua zilikuwa zimegoma tangu mwaka uliopita, lakini bwawa lilisemekana halijapungua hata kidogo.

Hhando alichutama. Nyuma ya kichwa cha marehemu palikuwa na jeraha refu, jembamba.

"Aliteleza, afande?" Konstebo Lomayani aliuliza.

"Akaanguka kifudifudi, akapasuka kisogo?"

Konstebo alitoa daftari lake.

"Alikuwa anapenda kuvua?" Hhando alimgeukia mpishi wa kambi, mama wa makamo aliyeitwa Nashipai.

"Nani, meneja? Hata kula samaki alikuwa hali. Alisema wananuka."

"Basi hiyo fimbo amewekewa."

Kufikia saa nne Lomayani alikuwa tayari na mtuhumiwa. Senteu, mfugaji aliyetembea na ng'ombe wake kutoka Olbalbal akitafuta maji, alikuwa amegombana na meneja hadharani juzi yake. Watu walimsikia akisema kwamba mtu anayenyima ng'ombe maji hafai kuishi. Alikutwa amekaa chini ya mti wa mgunga karibu na uzio, ndama akiwa amelala mbele yake, hawezi kusimama.

"Ulisema maneno hayo?" Hhando aliuliza.

"Nilisema."

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Hapahapa. Ningekwenda wapi? Ng'ombe hawatembei tena."

"Uliingia ndani ya uzio?"

"Ningeingia, ningeingia na ng'ombe."

Hhando alirudi bwawani, akalizunguka polepole. Sasa aliona kilichomsumbua tangu asubuhi. Pande zote, juu ya maji, palikuwa na mkanda mpana wa tope bichi, na juu ya tope hilo vifaranga vya samaki vimekufa. Maji yalikuwa yameshuka, na yalishuka usiku huohuo. Hapakuwa na alama hata moja ya kwato.

Alikwenda kwenye ukuta wa bwawa. Mlango wa chuma wa kutolea maji ulikuwa umefungwa kabisa.

"Mlango ulifunguliwa jana, Lomayani. Kisha ukafungwa. Senteu angeweza kuufungua. Kwa nini aufunge?"

"Hana sababu, afande."

"Hana. Na unafunguliwa kwa kitu gani?"

Nashipai, aliyekuwa amewafuata, ndiye aliyejibu. "Kwa hendeli ya chuma. Anayo meneja, na Yohani anajua inapokaa."

"Yohani nani?"

"Anayewapeleka wageni kuvua. Yuko kule."

Hhando alitazama. Kijana mrefu mwenye mabuti ya mpira alikuwa amesimama ndani ya mtumbwi, akimfundisha mama wa Kizungu kurusha ndoana. Alikuwa mpole, mvumilivu. Mwili ulipokwisha ondolewa, wageni walikuwa wameomba waendelee.

Hakumwita. Alishuka kwa miguu akifuata mfereji uliotoka ukutani kuelekea kitongoji cha bondeni.

Mwanzoni udongo wa mfereji ulikuwa umelowa. Kando yake, alama za mabuti ya mpira ziliongozana na maji. Mbele kidogo unyevu ulibaki katikati tu. Kisha ukawa doa. Kisha ardhi iliyopasuka. Pale unyevu ulipokoma, alama zilisimama. Mtu alikuwa ameketi hapo, udongo umebonyea. Halafu mabuti yaligeuka, yakarudi juu.

Hhando aliendelea mpaka nyumba ya kwanza. Mwanamke kijana alikuwa akipepeta mahindi machache. Nyuma ya nyumba palikuwa na kaburi dogo ambalo udongo wake haujashuka.

"Hodi mama. Mimi ni Hhando, wa polisi."

"Karibu, baba. Mimi Marsela, mke wa Yohani. Amepata shida kazini?"

Hhando alilitazama kaburi. "Poleni kwa msiba."

"Tumeshapoa. Lusia wetu. Maji ya mfereji yalipokatwa tulichota dimbwini, kule wanakokunywa mifugo. Akaharisha." Aliongea huku mikono ikipepeta. "Baba yake hakuwahi kumzika. Alikuwa na wageni. Meneja alisema atapewa ruhusa wakiondoka."

"Jana usiku maji yalifika hapa?"

Marsela aliacha kupepeta. "Maji gani, baba?"

Alasiri Hhando alimkalisha Yohani kwenye benchi nyuma ya jiko. Daktari alikuwa amekwisha tuma jibu: Sylvesta hakuwa na maji mapafuni. Alikufa kabla ya kuingia bwawani.

"Hendeli iko wapi, Yohani?"

"Chini ya maji. Karibu na ukuta."

Lomayani alitoa kalamu. Hhando alimwonyesha kwa mkono asubiri.

"Hulazimiki kusema."

"Nitasema. Mwachieni yule mzee wa ng'ombe." Alisugua viganja magotini. "Mfereji ule ni wa babu zetu. Walipotaka kujenga bwawa, mimi ndiye niliyewaambia wazee wakubali. Niliahidiwa kazi, nao waliahidiwa maji hayatakatwa. Jana jioni wageni wakiwa mezani, nilimwomba Sylvesta afungue kidogo tu. Alisema wageni hawatoki Ulaya kuja kuvua kwenye tope. Nikamwambia nimezika."

"Hukuzika."

"Sikuzika," Yohani alikubali. "Naye alinikumbusha hivyohivyo. Alisema, kama ilikuuma ungekwenda. Kisha akaniambia mtoto hakufa kwa kiu, alikufa kwa uchafu wa mama yake. Hendeli nilikuwa nayo mkononi."

Mvuke ulitoka dirishani mwa jiko. Nashipai alikuwa ameacha kukoroga.

"Nilimsukumia majini nikafungua mlango. Nikakimbia na maji. Nilitaka Marsela aamke ayasikie mlangoni. Nilikuwa nayaongoza kwa mikono, naondoa majani. Ardhi ilikuwa kavu mno, Ndugu Inspekta. Iliyanywa yote. Niliketi pale nikiyaangalia yanaishia."

"Ukarudi ukafunga."

"Nikafunga, nikamwekea fimbo."

"Ulifunga ili tusijue umefungua?"

Yohani alifikiri, kama mtu anayeulizwa jambo jipya.

"Hapana. Hilo sikuliwaza. Nilikuta samaki wanatapatapa kwenye tope," alisema. "Na asubuhi nilikuwa na wageni."