Swichi Iliyomkataa Teodulo

Haya, mmeanza. Bibi tusimulie, bibi tusimulie, kana kwamba mimi redio. Nina maharage ya kuchambua, goti linaniuma, na habari yenyewe si ya kuchekea. Lakini msipoisikia kwangu mtaisikia kwa yule mropokaji wa duka la pembeni, naye ataipachika mapembe na mikia isiyokuwapo. Basi nyamazeni. Mimi niliisikia kwa Teodulo mwenyewe, amesimama pale nje ya uzio wangu, na sikumpa kigoda.

Ilikuwa Jumapili, saa sita mchana, jua la kukausha samaki. Teodulo alikuwa uani anamkanda jogoo wake miguu. Mke alishazikwa, mtoto hakujaliwa. Alichokuwa nacho duniani ni huyo jogoo, gari kuukuu la rangi ya chai ya maziwa, na kaka yake Fermin, aliyekaa nyumba ya pili na mkewe Ludivina. Katikati palikuwa na uzio wa mianzi wenye pengo, na kila mchana katika pengo hilo ulipita mkono wa Ludivina na sahani ya wali. Ndiyo ilikuwa familia yake hiyo. Mkono na sahani.

Siku hiyo mkono ulikuja mtupu.

"Shemeji, washa gari! Fermin kifua kimembana, anatoka jasho la baridi. Tumpeleke hospitali."

Sasa, Fermin alikuwa mtu wa kulalamika. Kila mwezi kifua, kila mwezi anapakwa mafuta ya kuchua mpaka nyumba nzima inanuka, halafu anacheua mara mbili na kuomba supu. Na uwanja wa kupiganisha majogoo ulikuwa unafunguliwa saa saba. Teodulo akapiga mahesabu kichwani, akaona hospitali ni mchana mzima umekwenda.

"Swichi imekwama," akasema. "Nahangaika nayo tangu asubuhi. Ufunguo hauzunguki kabisa."

Angeishia hapo ungekuwa uongo wa kawaida. Lakini aliingia garini, akatoa mfukoni ufunguo wa kufuli la banda la kuku, akauchomeka kwenye swichi. Uliingia nusu. Akaukaba, akakunja uso, akaguna, mpaka jasho la kweli likamtoka. Ludivina akaona kwa macho yake.

"Basi, usijiumize mkono," akamwambia, akakimbia barabarani kutafuta pikipiki yenye kibanda ubavuni.

Alikuja kuipata baada ya nusu saa. Fermin alifia humo kibandani, magoti yamekunjwa, kabla hawajafika darajani.

Jogoo wa Teodulo alishinda.

Siku ya mazishi gari lilihitajika. Teodulo akasema ameilegeza swichi kwa shida, lakini gari likizimika halitawaka tena. Uongo ukishazaliwa unataka kulishwa. Wakatoka makaburini, ndani wakiwa Ludivina na shangazi zake wawili, wakasimama kwa muoka mikate. Msijifanye hamjui kwa nini. Ukitoka kwa maiti huendi nyumbani moja kwa moja. Unapita mahali, popote, unashuka, unakanyaga chini, ili kama kuna aliyekufuata abaki hapo.

"Shuka na wewe," shangazi mmoja akamwambia.

"Nikitoa mguu kwenye mafuta litazimika. Nendeni tu, nawangoja."

"Kanyaga hata mguu mmoja, wewe! Ni kaka yako."

"Shangazi, unataka turudi kwa miguu?"

Wakashuka watatu, wakanunua mikate, wakazunguka zunguka, wakarudi. Teodulo hakukanyaga chini. Alikaa nyuma ya usukani, mguu juu ya mafuta, akiigiza. Wale wakiwa bado dukani, nyuma yake kiti kililia kidogo, kama kiti kinavyolia mtu akijilaza. Akadhani ni joto.

Aliwashusha wote mlangoni kwa Ludivina, akaliingiza gari uani kwake, akashika ufunguo azime.

Ufunguo haukuzunguka.

Akajaribu tena. Akatikisa usukani kushoto na kulia, maana wakati mwingine kufuli la usukani ndilo linaloung'ata ufunguo. Wapi. Mwishowe akatia gia, akaachia klachi ghafla, gari likaruka na kufa. Akachomoa waya wa betri. Ufunguo akauacha palepale, umekwama.

Asubuhi ufunguo haukuwa kwenye swichi. Ulikuwa kiti cha nyuma.

Fundi funguo alikuwapo sokoni, mtu hodari, lakini Teodulo hakumwita. Fundi angefungua, angechungulia, angesema mbele ya watu: swichi hii haina hata mkwaruzo. Na Ludivina angekuwa amesimama hapo. Basi akaamua kuitengeneza mwenyewe. Alifungua kava la chini ya usukani kwa bisibisi. Alisaga risasi ya penseli akaipuliza tunduni, si mafuta, maana mafuta hukusanya vumbi. Aligonga kwa mpini, taratibu, huku akiuchezesha ufunguo, mpaka ukamkubalia hatua moja. Hapo akachoma kwa njiti ya baiskeli kile kipini cha pembeni kinachoishikilia swichi, akavuta, na kile kipande cha ndani kinachopokea ufunguo kikamtokea mkononi.

Kilikuwa na joto. Si joto la jua. Joto la kitu kilichokuwa mdomoni mwa mtu.

Akakifungua, akavipanga vibati vya shaba vya ndani yake juu ya gazeti, vinane, na vispringi vyake vidogo kama nywele za mtoto. Akavisafisha kimoja kimoja. Akavipitisha kidoleni akitafuta kilicholika. Hakuna. Akavirudisha. Nje, mezani, ufunguo ulizunguka kama umepakwa siagi. Akakipachika garini, akakaa, akauzungusha.

Ukagoma.

Siku ya pili hivyo hivyo. Ya tatu pia. Wiki ikapita, akawa anaamka na kwenda garini kama mtu aendaye kazini. Jogoo alimsahau, hata maji akawa hamwekei. Hakuongea na mtu kutwa nzima, isipokuwa mchana, mkono ulipopita penye pengo.

"Bado unahangaika nalo, shemeji? Kula kwanza."

"Asante."

"Watu wananiambia eti ningemkimbilia jirani mwingine. Nawaambia nyie hamkumwona Teodulo alivyokabana na ule ufunguo. Mimi nilimwona." Akafuta macho kwa ncha ya kanga ya kiunoni. "Nimebaki na wewe tu, shemeji."

Teodulo akala wali ule kama anakula mchanga.

Jumapili ya nne akaingia garini saa sita. Sijui kwa nini saa ile, naye hajui. Madirisha yalikuwa yamefungwa. Mtaa umelala, hata mbwa hawapiti. Akauchomeka ufunguo.

Akasikia harufu ya mafuta ya kuchua.

Hakugeuka. Mkono wake ulikuwa juu ya ufunguo, haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Nyuma yake kiti kikalia. Kikatulia. Halafu pumzi. Fupi. Ya mtu aliyebanwa kifua na anajitahidi asisumbue watu.

"Polepole, Dulo," ikanong'ona. "Jaribu tena."

Akajaribu.

"Tena."

Akajaribu. Ngozi ya kidole ikachubuka.

"Tena, mdogo wangu. Nangoja."

Haikuwa na hasira sauti ile. Hilo ndilo alilonieleza mara tatu. Haikuwa na hasira hata kidogo. Ilikuwa na subira. Mpaka saa saba. Kengele ya uwanja wa majogoo ilipolia kule ng'ambo, pumzi ikakatika katikati.

Kila Jumapili ikawa hivyo. Asipoingia garini saa sita, gari linalia honi lenyewe, na betri iko chini sakafuni, waya umechomolewa. Basi alikuwa anaingia.

Ikafika siku ya arubaini, siku ambayo wafu wetu huacha kuzunguka nyumbani na kwenda zao. Asubuhi Ludivina alitoka amevaa nyeusi, na sufuria ya biko mikononi, wali mtamu wa nazi wa kupeleka kanisani baada ya misa. Akaingia, akakaa kiti cha mbele.

"Twende, shemeji. Leo litawaka. Nimeomba."

Teodulo akazungusha. Halikuwaka. Akazungusha mpaka vidole vikatoka damu pale palipochubuka. Ludivina akamshika mkono.

"Hebu nijaribu mimi."

Mwanamke yule hajawahi kuendesha hata baiskeli. Akainama, akashika ufunguo kwa vidole viwili, kama anachukua chumvi. Gari likaunguruma.

"Ona!" akacheka, mara ya kwanza tangu msiba. "Inataka mkono mwepesi tu." Akalizima ili amwonyeshe. "Haya, wewe sasa. Hivi, taratibu."

Teodulo akashika. Ufunguo ukawa jiwe.

Ludivina akaacha kucheka. Akatazama ufunguo. Akatazama tundu. Mwanamke si mjinga, kilio tu kilikuwa kimemfumba macho. Harufu ya mafuta ya kuchua ikajaa ndani ya gari, na Teodulo akaona kwamba naye anaisikia, kwa jinsi alivyokaza sufuria mikononi.

Alikuwa na sekunde chache za kusema uongo mwingine. Aliniambia uongo huo ulikuwa tayari mdomoni, tena mzuri. Lakini siku ile ndiyo ilikuwa siku ya marehemu kwenda zake, na nyuma yake yule mwingine alikuwa ameshikilia pumzi, anasikiliza.

"Ludivina," akasema. "Siku ile nilichomeka ufunguo wa banda la kuku."

Ludivina akageuka kumtazama.

"Swichi haikuwa na kitu. Nilitaka kwenda uwanjani."

Ludivina hakupiga kelele, hakumrukia. Aliuliza swali moja tu.

"Jogoo alishinda?"

"Alishinda."

Akafungua mlango, akashuka na sufuria yake, akaenda kanisani kwa miguu, kilomita tatu, katika jua. Alipofika akatusimulia sisi wanawake pale ngazini, maneno machache, kama mtu anayeagiza chumvi. Jioni hiyohiyo alikata mianzi kwa mkono wake na kuziba pengo. Mwezi uliofuata akahamia kwa dada yake kisiwani, na nyumba ile sasa inakaliwa na popo.

Swichi haikukwama tena. Mtoto angeizungusha. Teodulo alilitoa gari lile kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, siku ya tatu jamaa akalirudisha, akaliacha barabarani milango wazi. Nendeni mkalione, liko uani kwake. Kiti cha nyuma kimebonyea, umbo la mtu aliyelala kakunja magoti. Fermin hakuwahi kulala humo, mnakumbuka alifia kwenye pikipiki. Na kwenye kioo, upande wa kichwa, kwa ndani, kuna ukungu wa pumzi, duara la ukubwa wa kisosi. Nimeufuta mwenyewe kwa kitambaa changu. Ulirudi kabla sijakunja kitambaa.

Teodulo hakufungwa, hakuugua, hana jino hata moja linalomuuma. Kila sikukuu ya mtakatifu wa mtaa wetu, siku ambayo kila mlango uko wazi na hata mpita njia asiyejulikana anavutwa mkono aingie ale, yeye huchinja nguruwe, huazima viti, huandaa meza ya watu kumi na wawili. Huvaa shati jeupe, husimama mlangoni tangu asubuhi. Watu hupita wakitazama upande wa pili wa barabara. Jua likishuka huanza kuwagawia mbwa.

Miaka kumi na moja sasa. Nyumba yangu ni hatua ishirini kutoka kwake, na harufu ya nguruwe yule wa kuchoma hunifikia hadi chumbani. Sijawahi kwenda kula.